Wanafunzi wa nchi kavu wafunzwe maji kabla ya kupelekwa maporomokoni

Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Methali hii aghalabu hutajwa kwa mafumbo, lakini kwa mtoto aliyezaliwa na kulelewa Sangailu, kusini mwa Kaunti ya Garissa, ni maneno ya wazi yasiyohitaji kufumbuliwa. Hapo hapana mto upitao mwaka mzima. Watu na mifugo hutegemea mabwawa ya kuchimbwa, ambayo hujaa wakati wa mvua na kubaki tope wakati wa kiangazi. Mto Tana uko mbali upande wa magharibi, na mtoto anaweza kumaliza masomo ya msingi kabla ya kuuona kwa macho yake.

Mtoto kama huyo anapobahatika kwenda ziara ya shule bara, hakuna kinachomvutia kama maji mengi yanayoanguka. Atasikia habari za Nyahururu, ambako Mto Ewaso Narok huporomoka mita 74 katika Maporomoko ya Thomson, yaliyopewa jina la Joseph Thomson, Mskoti aliyefika hapo mwaka 1883. Atasikia pia habari za Fourteen Falls, karibu na Thika na mlima wa Ol Donyo Sabuk, ambako Mto Athi hujigawa mikondo mingi kabla ya kushuka mwambani. Akifika, moyo wake hufurahi na miguu yake hukimbia. Hapo ndipo hatari inapoanzia.

Maoni yangu ni kwamba ziara hizi ziendelee, tena ziongezwe. Mtoto wa nchi kavu ana haki ya kuona uzuri wa nchi yake sawa na mtoto wa Nairobi au Mombasa. Hata hivyo, asipelekwe kabla ya kufunzwa maji ni kitu gani, na wanaosimamia maporomoko wasimpokee kabla ya kutimiza wajibu wao kwake. Mambo haya mawili hayajatiliwa maanani inavyopasa.

Najua wako watakaouliza: Je, watu wasio na maji ya kutosha ya kunywa wana haja gani na mafunzo ya maporomoko? Swali hili ni la haki. Kati ya mwisho wa mwaka 2020 na mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilikosekana kwa mfululizo Kaskazini Mashariki, na wafugaji wengi wakabaki na mizoga badala ya mifugo. Katika hali kama hiyo, kuzungumzia utalii huonekana kama kumpa mwenye njaa manukato.

Lakini yafaa tukumbuke yaliyofuata. Mwishoni mwa 2023 mvua za El Nino zilinyesha na nchi ile ile iliyokuwa vumbi ikageuka ziwa. Aprili 2024 mafuriko ya Tana yalikata barabara kuu kati ya Madogo na mji wa Garissa, wasafiri wakalazimika kuvushwa kwa mashua, na mashua moja ikapinduka na kuua watu. Waliokufa hawakuwa watalii. Walikuwa raia waliotaka kufika upande wa pili. Basi elimu ya maji yaendayo kasi si anasa kwa mtu wa Garissa. Kinachoweza kumwokoa maporomokoni ndicho kitakachomwokoa barabarani nyumbani kwao.

Isitoshe, maporomoko hayo si ya watu wengine. Ewaso Narok, ukishashuka Nyahururu, huungana na Ewaso Ng'iro, nao hupita Isiolo na kuishia katika kinamasi cha Lorian. Miaka ya mvua kubwa maji huvuka kinamasi hicho yakafuata Laga Dera, yakapita kaskazini mwa Garissa kuelekea Liboi na Somalia. Kwa hiyo mtoto wa Garissa anayetazama maji ya Nyahururu yakianguka huenda anatazama maji yatakayokaribia kwao. Hakuja ugenini kabisa. Amewatembelea jamaa wa mbali.

Na huo ujamaa una faida, kwani kuna somo moja la maporomoko ambalo mtoto wa mfugaji analijua kuliko mtoto wa mjini. Somo lenyewe ni la laga.

Kila mchungaji wa Kaskazini Mashariki anajua kwamba laga ni njia ya mto iliyokauka, yenye mchanga mweupe na vivuli vizuri kando yake. Anajua pia kwamba mtu hapigi kambi katikati ya laga, hata mbingu ikiwa safi na jua likiwaka, kwa sababu mvua inayojaza laga hainyeshi hapo. Hunyesha mbali, pengine mahali asipopaona, na maji huja yenyewe na ngurumo yake na magogo yake. Mzee hahitaji kusubiri tangazo la redio. Akiona wingu zito upande wa juu, huwaondoa ngamia mchangani.

Sasa tutazame yaliyotokea mahali ambapo somo hili halikujulikana. Katika Mbuga ya Hell's Gate, karibu na Naivasha, kuna korongo jembamba ambalo wageni hupenda kulitembelea kwa miguu. Aprili 2012 vijana wa kundi moja la kanisa waliingia humo, mafuriko ya ghafla yakawakuta, na saba kati yao wakapoteza maisha. Septemba 2019 maji yalirudi vivyo hivyo katika korongo hilo hilo na watu wengine saba wakafa, miongoni mwao mwongoza wageni. Miaka saba ilikuwa imepita, watu walikuwa wamelia na kuzika, na bado watu waliingia korongoni bila kupata onyo la kutosha la mvua iliyonyesha upande wa juu.

Korongo lile ni laga iliyosimamishwa kuta mbili. Mchungaji wa Sangailu angelitazama mara moja, akalitazama na wingu, akakataa kuingia. Elimu hiyo anayo. Tatizo ni kwamba akifika mahali penye lango, tikiti na kibao cha kukaribisha wageni, hudhani kwamba wenye mahali wanajua zaidi yake, akaiacha elimu yake langoni. Mwalimu anayewaongoza wanafunzi wa Garissa anapaswa kuwaambia waziwazi: haya maporomoko ni laga isiyokauka. Mliyofunzwa na babu zenu juu ya laga msiyasahau hapa.

Dalili zenyewe hazifichiki. Maji yaliyokuwa maangavu yakianza kugeuka rangi ya udongo, majani na vijiti vikianza kupita kwa wingi, sauti ya maporomoko ikizidi kuwa nzito, au jiwe lililokuwa nje ya maji likianza kulowa, hapana haja ya kujadiliana. Watu watoke mtoni wapande juu, wala wasikimbie kufuata mkondo kwa kushuka. Viatu na mikoba viachwe. Maji hayangoji mtu afunge kamba za viatu.

Hata hivyo, yako mambo mengine ambayo laga haimfundishi mtu, na hapa ndipo mtoto wa nchi kavu anapokuwa na upungufu mkubwa.

La kwanza ni utelezi. Mawe yaliyo kandokando ya maporomoko hunyunyiziwa maji usiku na mchana, yakaota mwani na kuvu vya kijani. Huonekana kama mawe ya kawaida lakini hukanyagwa kama sabuni. Mtoto aliyezoea mchanga na miiba hakuwahi kukutana na jiwe la namna hiyo. Wengi wanaoanguka maporomokoni hawakukusudia kuogelea hata kidogo. Walitaka kusogea hatua moja zaidi ili picha ya simu iwe nzuri. Hatua hiyo moja ndiyo gharama ya picha.

La pili ni nguvu ya maji machache. Mtu asiyejua maji hupima hatari kwa kina, na akiona yanamfika kwenye vifundo vya miguu hudhani hapana neno. Wataalamu wa mafuriko wanatufahamisha kwamba maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, sentimita 30 huweza kuliinua na kulielea gari dogo, na sentimita 60 huyachukua magari mengi. Mtoto wa darasa la nne hana uzito wa mtu mzima. Kuvuka mto juu ya maporomoko, hata pale unapoonekana kama kijito, ni kuweka maisha rehani.

La tatu ni kidimbwi kilicho chini ya maporomoko. Kwa macho hupendeza kuliko mahali pote, hasa kwa mtu aliyetoka katika joto la Garissa. Lakini maji yanayoanguka huchimba shimo, na mkondo wake huzunguka chini kwa chini ukamrudisha mtu pale pale yanapoangukia. Povu jeupe ni maji yaliyochanganyika na hewa, na hewa haimbebi mtu. Hata mwogeleaji hodari hushindwa kuelea humo. Ndani ya shimo mna mawe na magogo yasiyoonekana, na maji ya milimani yana baridi ya kumkata mtu pumzi. Kama mtu hakuona wenyeji wazima wakioga mahali hapo, asiwe yeye wa kwanza kujaribu.

La nne, ambalo huumiza zaidi, ni kifo cha mwokoaji. Mtoto mmoja akitumbukia, rafiki yake hujirusha nyuma yake, naye mwalimu hujirusha nyuma yao, na jeneza moja likawa matatu. Mapenzi hayo ni ya kusifiwa, lakini mtu asiyejua kuogelea hamwokoi anayezama. Humwongezea mwenzake wa kuzama naye. Yafaa kila mwanafunzi afunzwe kwamba mfa maji huokolewa kutoka nchi kavu: anyoshewe fimbo, arushiwe kamba, au arushiwe kitu kinachoelea. Kitu hicho hakihitaji kununuliwa Ulaya. Mtungi wa plastiki wa lita 20, ule ule unaobebwa na punda kila siku kwenda bwawani, ukimwagwa maji na kufungwa kifuniko vizuri, huweza kumwelesha mtu mzima. Mtungi mmoja na kamba ya mita ishirini katika basi la shule ni vifaa ambavyo hakuna mwalimu mkuu awezaye kudai kwamba havipatikani.

Shirika la Afya Duniani linakisia kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji ulimwenguni, wengi wao wakiwa watoto na vijana wa nchi zisizo na utajiri. Mwaka huo huo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitenga tarehe 25 Julai kuwa siku ya kuzuia vifo vya kuzama. Sijui ni shule ngapi za kwetu zilizowahi kuitaja siku hiyo gwarideni asubuhi. Ingekuwa siku njema ya mwalimu kuwapeleka wanafunzi wake kando ya bwawa la kijiji, si kuogelea, bali kuwaonyesha jinsi ya kurusha kamba na mtungi. Mabwawa hayo nayo yana kingo zenye utelezi, na mtoto anayekwenda kuchota maji peke yake yumo hatarini bila kusafiri popote.

Mpaka hapa nimesema na walimu na wazazi. Sasa nageukia wenye mamlaka, kwa kuwa haifai kumbebesha mtoto mzigo wote wa kujilinda.

Ziko sehemu za Mto Tana zenye uzuri wa kushangaza ambazo Wakenya wengi hawazijui. Mojawapo ni Maporomoko ya Adamson, yaliyo kwenye mpaka wa Mbuga ya Kora na nchi ya Meru, juu ya mto ule ule unaopita mji wa Garissa na Masalani. Yana jina la George Adamson, aliyekuwa askari wa wanyamapori katika wilaya za kaskazini zamani za ukoloni, akahamia Kora mwaka 1970 kuishi na simba, na akauawa huko na majambazi mwezi Agosti 1989. Hapo maji yameichonga miamba kwa karne nyingi hata ikawa na maumbo kama ya kuchongwa kwa mikono. Kwa mtu wa Garissa, haya ndiyo maporomoko ya mto wake mwenyewe.

Nimesikia mara nyingi viongozi wetu wakisema kwamba utalii utaifungua Kaskazini Mashariki, na naafikiana nao. Mto Tana, hirola wa Ishaqbini karibu na Masalani na msitu wa Boni ni hazina ambazo usalama ukitengemaa zitaleta riziki. Lakini mgeni asialikwe nyumbani kabla ya shimo la uani kufunikwa.

Maporomoko ya Adamson yana hatari zake. Mamba na viboko wamo mtoni. Aidha, upande wa juu yako mabwawa matano ya umeme: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Mvua kubwa ikinyesha Aberdare na Mlima Kenya, mabwawa hayo hujaa na kufurika, na maji hushuka kwa wingi kwenda Garissa na Tana River. Iko pia mito kama Mutonga na Kathita, ambayo huingia Tana chini ya mabwawa hayo bila kuzuiwa na ukuta wowote. Mgeni anayeketi juu ya mwamba wa Adamson chini ya jua kali hawezi kujua kwamba usiku uliopita Meru palinyesha. Ni lazima awepo wa kumwambia.

Mwaka 2024 kampuni ya KenGen iliwatahadharisha watu wanaokaa kando ya mto chini ya mabwawa yake kuhusu maji hayo. Hilo ni jambo la kupongezwa. Linalosalia ni kuhakikisha kwamba onyo kama hilo linafika kwa askari wa lango la mbuga, kwa mwongoza wageni, na kwa dereva wa basi la shule kabla hajawasha injini. Simu ya rununu inatosha kwa kazi hiyo. Kinachohitajika ni mtu mmoja aliyepewa jukumu, na amri kwamba siku ya onyo hakuna anayekaribia maji, awe mwanafunzi au waziri.

Wala tusidanganyane kwamba huu ni wema wa hiari. Sheria ya Kenya inayohusu wajibu wa wenye mahali, Sura ya 34, inamtaka anayemiliki au kusimamia mahali awatunze kwa kadiri ifaayo wageni anaowaruhusu kuingia. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti utalii wa mashinani na usimamizi wa majanga. Majukumu hayo mawili yamewekwa mikononi mwa serikali ile ile, na kwa hakika ni jukumu moja. Kaunti inayokusanya ada ya kuingia na kuacha ukingo bila uzio imechukua fedha za kazi ambayo haikuifanya.

Na wajibu wenyewe si mzito. Pawe na uzio au ukuta mfupi kwenye ukingo. Pawe na vibao vya Kiswahili, na Kisomali kwa maporomoko yaliyo karibu nasi, vyenye maneno machache na picha: hapa watu wamekufa, usipite. Vibao vyetu vingi huandikwa Kiingereza, kana kwamba maji huwachukua wanaojua Kiingereza peke yao. Pawe na kamba na maboya mahali panapoonekana. Waongoza wageni, ambao wengi ni vijana wa kijiji wanaojua kila jiwe, wapewe mafunzo ya uokoaji na malipo ya haki, ili wasishawishike kumpeleka mgeni mahali pabaya kwa ajili ya bakshishi. Mashirika kama KWS na Msalaba Mwekundu yana watu wawezao kutoa mafunzo hayo.

Shule nazo ziwe na kanuni chache zisizovunjwa. Mwalimu mkuu aulize habari za mvua za upande wa juu siku ya safari, si habari za mahali anakotoka. Wanafunzi wagawanywe makundi madogo, kila kundi na mtu mzima wake, wahesabiwe wakifika na wakiondoka. Wanaojua kuogelea na wasiojua wote wakae nyuma ya uzio. Atakayevuka kwa ajili ya picha arudi ndani ya basi. Mzazi naye, kabla ya kutia sahihi karatasi ya ruhusa, aulize ni nani atakayekuwa na mwanawe kando ya maji, na asione haya kuuliza.

Najua jibu rahisi zaidi ni kuwazuia watoto wasiende kabisa, na baada ya kila msiba hutokea wa kutoa amri hiyo. Nalipinga jibu hilo. Mtoto aliyekatazwa maji leo atakutana nayo kesho pasipo mwalimu, pengine katika mashua kule Madogo au kwenye laga iliyofurika usiku. Kumficha mtoto asiyaone maji si kumkinga nayo.

Mwacheni mtoto wa Sangailu asimame mbele ya maporomoko, ayasikie yakinguruma, anyunyiziwe usoni, acheke. Lakini asimame mahali palipo salama, akijua kwa nini amesimama hapo, na mtu mzima aliye kando yake awe ametazama mawingu ya juu. Wazee wetu wamefanya hivyo lagani kwa vizazi vingi bila tikiti wala lango. Wanaotoza ada hawana budi kufanya angalau kama wao.